Kurasa za Kusikiliza

Ukurasa wa matokeo ya kidato cha nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania hauna mvuto wowote. Juu kuna jina la mtihani kwa herufi kubwa, chini yake jina la shule na namba yake, kisha jedwali la mistari minene lenye safu za CNO, SEX, AGGT, DIV na DETAILED SUBJECTS. Hakuna picha ya mheshimiwa akikata utepe. Hakuna kinachoteleza wala kinachomwekamweka. Vijana wanaosanifu tovuti mjini huucheka, wanasema umekwama miaka ya tisini. Waache wacheke. Kwa mtu anayesoma kwa masikio, ukurasa huo umenyooka.

Tuseme yupo binti wa Kasoli, kata ya wakulima wa pamba wilayani Bariadi, mkoani Simiyu. Haoni tangu utotoni. Shule ya msingi alisomea Mitindo, kule Misungwi, akafundishwa nukta nundu pamoja na watoto wenzake wasioona wa Kanda ya Ziwa, na sekondari akamaliza. Sasa ni Januari, nyumbani watu wako shambani wanapalilia, na matokeo yametoka. Bila simu inayosema angemfuata mtu: "Kaka, shikamoo. Naomba uniangalizie matokeo yangu." Kaka angeangalia, angeguna, angekaa kimya kidogo, na kabla jua halijazama kijiji kizima kingekuwa kimeshajua daraja lake. Akiwa na simu janja mambo ni mengine. Simu nyingi za Android huja na TalkBack ndani yake. Ukiiwasha, simu hutaja kila kinachoguswa. Anachomeka spika za masikioni, anatelezesha kidole kwenda kulia, kitu kimoja baada ya kingine, hadi kwenye namba yake. Kwa kuwa lile jedwali ni jedwali la kweli, si picha ya jedwali, programu inajua ipo mstari upi na safu ipi. Inamsomea jinsia, pointi, daraja, kisha masomo: CIV, HIST, GEO, KISW, kila moja na herufi yake. Anajua yeye kwanza. Wengine watasikia akipenda.



Sidhani kama aliyelichora jedwali hilo la matokeo alikuwa na binti wa namna hii kichwani. Aliandika kwa njia ya zamani tu, ambayo kila kitu kinawekwa kwa jina lake: hiki kichwa cha habari, hili jedwali, hiki kiungo. Ila hapo ndipo unapoanzia ufundi ninaotaka kuusifu. Kila ukurasa wa intaneti una sura inayoonekana na una maandishi ya chini kwa chini yanayoiumba sura hiyo. Asiyeona husoma yale ya chini. Fundi wa kweli huyapanga hayo kwanza, rangi na madoido yakaja baadaye, naye hafanyi hivyo kwa bahati.

Mafundi wa namna hiyo ni wachache. Mwaka 2024 taasisi ya WebAIM ya Marekani ilipima kurasa za mbele za tovuti 1,000,000, na asilimia 95.9 zilikutwa na kasoro ambazo hata mashine inaweza kuzigundua. Zilizoongoza ni maandishi yaliyofifia na picha zisizo na maelezo. Si kwamba mwongozo haupo. Shirika la W3C, lililoanzishwa na Tim Berners-Lee, lilitoa mwongozo wa kwanza wa kurasa zinazofikika kwa wote mwaka 1999, likatoa wa pili 2008, na toleo la 2.2 likatoka Oktoba 2023. Tanzania nayo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao unataja intaneti waziwazi, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Karatasi zipo. Kilichobaki ni mikono.

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa karibu, ni ya kupanga na kutaja. Mtu anayeona hupitisha macho juu ya ukurasa mzima na kwa kufumba na kufumbua anajua wapi pa kusoma. Asiyeona huletewa neno baada ya neno, kama mtu anayeshushiwa mzigo gunia kwa gunia huku akisubiri lile analolitaka. Njia yake ya kuruka ni vichwa vya habari. Kwenye kompyuta yenye NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, akibonyeza H anafika kwenye kichwa kinachofuata; akibonyeza 2 anafika kwenye kichwa cha ngazi ya pili; K ni viungo, T ni majedwali. WebAIM walipowauliza watumiaji wa programu hizi wanatafutaje jambo kwenye ukurasa mrefu, zaidi ya theluthi mbili walisema wanaanza na vichwa vya habari.

Chukua tangazo la kazi la halmashauri, la aina tunazoziona kila mwezi. "Nafasi za kazi", "Sifa za mwombaji", "Namna ya kutuma maombi", "Mwisho wa kupokea maombi". Aliyeliandaa kwa haraka ameyakoleza maneno hayo wino na kuyakuza kidogo, basi. Kwa jicho ni vichwa vya habari. Kwa NVDA si chochote. Msikilizaji anabonyeza H, anaambiwa hakuna kichwa, na anaanza safari kutoka "Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri anawatangazia wananchi wote wenye sifa". Fundi huyapa maneno yaleyale alama ya ngazi ya pili, kazi ya sekunde chache, na msikilizaji akibonyeza mara nne ameshaijua ramani yote ya tangazo. Halafu anakwenda hatua moja zaidi, na hapo ndipo ninapomvulia kofia: anaandika "Mwisho wa kupokea maombi: 30 Juni", tarehe ikiwa ndani ya kichwa chenyewe. Aliyeichelewa anajua papo hapo na anaokoa bando lake.

Kuna jambo dogo kuliko hilo, na madhara yake ni makubwa. Mwanzoni mwa kila ukurasa, mahali ambapo msomaji wa kawaida hapaoni kamwe, huandikwa lugha ya ukurasa kwa herufi mbili. Kiingereza ni en, Kiswahili ni sw. Tovuti nyingi hujengwa juu ya kiolezo kilichotengenezwa ng'ambo ambacho tayari kimeandikwa en, na mjenzi akimimina Kiswahili ndani bila kugusa herufi hizo, mashine inatii ilichoambiwa. Inaleta sauti ya Kiingereza. "Jina" linakuwa "jaina", "ajira" inakuwa "ajaira", "mwaka" unavunjika katikati, na tangazo zima linasikika kama la mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo. Ukibadili herufi mbili, msomaji wa NVDA anasikia Kiswahili. Fundi makini haishii hapo tu: ndani ya ukurasa wa Kiswahili, palipo na aya ya Kiingereza anaitia alama yake pia, ili sauti ibadilike kwenye aya hiyo na kurudi inapokwisha.

Na hiyo sauti ya Kiswahili imetoka wapi? Nayo ni kazi ya mikono. Mwaka 1995 Jonathan Duddington wa Uingereza aliandika programu ndogo ya kusema kwa ajili ya kompyuta za Acorn. Baadaye ikawa eSpeak, ikatolewa bure kwa kila mtu, na tangu 2015 inaendelezwa na wengine kwa jina la eSpeak NG. Lugha zake zimevuka mia na Kiswahili kimo. Sauti hiyo haijarekodiwa kutoka kinywani mwa mtu. Inaundwa kwa hesabu, herufi kwa herufi, kwa kanuni ambazo mtu alikaa akaziandika. Irabu tano, kila moja na sauti yake isiyoyumba. Mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. M ya "mtu" isimame peke yake, m ya "mbegu" iungane na b. Ng' ya "ng'ombe" isichanganywe na ng ya "ngoma". Kiswahili kinamrahisishia kazi mwandishi wa kanuni kwa sababu tunaandika tunavyotamka, lakini kinamdai mpiga chapa uaminifu: akiacha kile kikoma cha juu, mashine haiwezi kukikisia. Usukumani, ambako majina ya watu na vijiji yamejaa ng' na nk, anayeacha kikoma anambatiza mtu jina jingine masikioni mwa msikilizaji.

Zipo sauti nzuri zaidi. Microsoft ina mbili za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi, na ukizisikia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni watangazaji. Wazoefu wengi bado wanaipenda eSpeak pamoja na uroboti wake, kwa sababu ukiiongezea mwendo maneno hayashikani. Mwendo wake wa kawaida ni maneno 175 kwa dakika, na inaweza kusukumwa hadi 450 na zaidi. Asiyezoea akisikiliza kwa mwendo huo haambulii kitu, ilhali mzoefu anacheka mahali pa kucheka na anakamata kosa la tahajia. Kwa hiyo usomaji huu ni ufundi wa pande mbili, na fundi wa ukurasa hufanya kazi akijua kwamba upande wa pili kuna masikio makali kuliko macho yake.

Masikio hayo yanamfundisha hata mambo ya uandishi. Bei tunaiandika 10,000/= bila kufikiri, kama ilivyo kwenye risiti na vibao vya dukani. Programu ya kusoma skrini mara nyingi hutamka alama zote mbili, ya mkwaju na ya sawasawa, baada ya kila bei, kwenye orodha ya bidhaa hamsini. Anayejua huandika "shilingi 10,000". Vivyo hivyo kiungo kinachosema "bofya hapa": msikilizaji akiita orodha ya viungo vyote vya ukurasa, anapata "bofya hapa" kumi na mbili zisizo na mwenyewe. "Pakua fomu ya maombi" inajieleza popote itakaposomwa.

Nimeacha picha kwa makusudi, maana hapo ndipo ustadi unapoonekana wazi zaidi. Kila picha kwenye ukurasa inaweza kubebeshwa maelezo ya maneno ambayo mwenye kuona hayaoni na asiyeona anayasikia. Mvivu haandiki kitu, na mashine, kwa kukosa la kusema, mara nyingine husoma jina la faili: IMG-20230514-WA0007, tarakimu zote, picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Mtiifu asiyefikiri huandika "picha". Mwenye bidii kupita kiasi husimulia rangi ya suti ya mgeni rasmi.

Sasa weka mbele yako kijarida cha ugani kuhusu pamba, mafungu mawili yamepigwa picha yakiwa bega kwa bega ili mkulima ajifunze kutenga safi na fifi kabla ya kupeleka mzigo kwenye chama cha ushirika, AMCOS. Maelezo yanayosema "picha ya pamba" hayamsaidii mtu yeyote. Fundi anajiuliza picha hii imewekwa hapa ifanye kazi gani, kisha anaandika: "Mafungu mawili ya pamba. Kushoto ni safi: nyeupe, haina majani. Kulia ni fifi: imegeuka rangi kuelekea manjano, ina vipande vya majani makavu vilivyonasa kwenye nyuzi." Sentensi tatu. Na akiwa fundi aliyekomaa ataongeza kwenye matini yenyewe, si kwenye picha, kwamba majani hayo yanasikika kwa vidole, maana mzee asiyeona anayetenga pamba uani pake hana haja ya habari za rangi ya manjano, ana haja ya kujua mkono utafute nini. Hapo maelezo ya picha yameigeuza makala nzima kuwa bora, hata kwa wanaoona.

Kuna pia kujua wakati wa kunyamaza. Ua la pembeni, mstari wa mapambo, kivuli cha mlima nyuma ya kichwa cha habari: haya fundi anayaachia maelezo matupu kwa makusudi, na mashine inapita kimya. Kuna tofauti kati ya kuacha tupu na kusahau, na mashine inaijua.

Hadi hapa nimezungumzia wasioona. Wapo pia wanaoona, ila kwa taabu, na Kanda ya Ziwa ina sababu ya kuwakumbuka. Watu wenye ualbino wengi wana uoni hafifu. Macho yao hayatulii na mwanga mkali unawaumiza. Katika miaka ya mauaji na mashambulizi dhidi yao, watoto wengi wa kanda hii walikusanywa Buhangija, Shinyanga, wakalindwa na kusoma wakiwa wamelisogelea daftari hadi pua inakaribia kugusa karatasi. Watu hawa hawahitaji sauti kila mara. Wanahitaji maandishi yaliyokolea na ruhusa ya kuyakuza. Mwongozo wa W3C unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na hapa kuna mfano ninaoupenda. Kijivu chenye namba 767676 juu ya nyeupe kinapata 4.54, kinapita. Kijivu cha 777777 kinapata 4.48, kinaanguka. Viweke pamoja, hutaona tofauti, hata uwe na macho ya tai. Fundi hategemei jicho lake, anapima. Kisha anahakikisha hakuna mahali palipoandikwa amri ya kuzuia ukurasa usikuzwe kwa vidole viwili, kisha anaukuza mwenyewe mara mbili aone kama maneno yanajipanga upya au yanakimbilia nje ya skrini. Mkulima anayesoma simu juani saa saba mchana, macho yake mazima kabisa, anafaidi kazi hiyohiyo.

Ufundi huu haukuletwa na wanaoona kwa hisani yao. Michael Curran na James Teh, Waaustralia wawili wasioona, walifahamiana utotoni kwenye kambi ya muziki. Wakati huo programu inayojulikana ya kusoma skrini, JAWS, ilikuwa ikiuzwa kwa bei inayokaribia dola 1,000, bei ambayo mara nyingi ilizidi ile ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2006 Curran akaanza kuandika yake, Teh akajiunga, na NVDA ikatolewa bure. Huku kwetu Afrika Mashariki, mwaka 2009 Irene Mbari-Kirika alianzisha inABLE nchini Kenya na kupeleka kompyuta kwenye shule ya wasioona ya Thika, na miaka kumi na mitatu baadaye Kenya ikatoa kiwango chake cha kitaifa cha huduma za TEHAMA zinazofikika. Bongo tuna wasomaji wa kutosha wa kutuhukumu. Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, amewahi kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Katiba na Sheria; nyaraka za nchi zinapita mikononi mwa watu kama yeye. Halafu bado tunagonga muhuri barua, tunaipiga picha, tunaipandisha mtandaoni kama picha, na programu ya kusoma skrini inapofika hapo haikuti hata herufi moja. Picha hiyo inakula megabaiti mbili za bando. Maneno yake, yakiandikwa, hayafiki hata kilobaiti kumi.

Fomu ndiyo mtihani mgumu. Hapo msomaji hasikilizi tu, anajibu. Kila kisanduku lazima kiunganishwe na jina lake, la sivyo anasikia "hariri, tupu" na kubuni mwenyewe kinachotakiwa. Kosa likitokea, rangi nyekundu haina maana kwake, fundi huuandika ujumbe kwa maneno, humrudisha msomaji kwenye kisanduku chenye kosa, na humwambia afanye nini: "Namba ya simu ianze na 0 na iwe na tarakimu 10." Toleo la 2.2 la mwongozo limeongeza masharti mawili ambayo yeyote aliyewahi kuomba kazi mtandaoni atayapongeza: usimuulize mtu tena alichokwisha kukujibu, na usimfunge nje kwa fumbo la kukumbuka au kutegua ili athibitishe kuwa ni yeye.

Chukua namba ya NIDA, tarakimu 20, tarehe ya kuzaliwa mbele na mafungu matatu nyuma yake. Mwenye haraka huigawa kwenye visanduku vinne, mshale unaruka wenyewe kutoka kimoja kwenda kingine, na asiyeona hajui tena yuko wapi. Fundi huweka kisanduku kimoja. Huruhusu namba ibandikwe kama ilivyonakiliwa kwenye ujumbe wa simu, na vistari vyake au nafasi zake. Kuviondoa vistari hivyo ni mstari mmoja wa msimbo. Kuandika ujumbe wa kumlaumu mwombaji kwa kuviweka pia ni mstari mmoja.